Asubuhi Nyuma ya Pazia

Siku hizi nyumba yetu ya Tarime ina milango miwili ya kutokea nje. Wageni wakija huuliza kwa nini tulivunja ukuta wa chumba cha wasichana na kuweka mlango mahali palipokuwa na dirisha zuri tu. Mume wangu huwajibu kwamba ni kwa ajili ya upepo. Mimi hunyamaza. Hapa nitasema.

Nyumba hiyo mume wangu aliijenga kidogo kidogo, miaka ile alipokuwa akiendesha lori la ndizi kwenda Mwanza, kazi anayoifanya mpaka leo. Kama nyumba nyingi za mtaa wetu, tulihamia kabla haijaisha. Ukiingia, unaingia sebuleni. Nyuma ya sebule kuna korido fupi, nyembamba, chumba chetu kiko kushoto na cha wasichana wetu wawili kulia. Dari hatukuweka. Kuta za vyumba zilikuwa zimeishia usawa wa linta, na juu yake palikuwa wazi mpaka kwenye bati, kiasi kwamba mtu akijigeuza kitandani, wa chumba cha pili anasikia. Jiko, choo na bafu viko uani. Kwa hiyo kila mtu aliyetaka kunawa uso, kwenda chooni au kuchemsha maji asubuhi, lazima apite sebuleni. Miaka yote hiyo halikuwa jambo la kufikiria. Lilikuja kuwa jambo baba mkwe wangu alipoanza kulala hapo.

Alitoka Mbalibali, upande wa Serengeti, akiwa na kidonda mguuni kilichokataa kupona. Mama mkwe alikuwa amefariki, na shemeji yangu aliyebaki na ng'ombe hakuwa na nafasi ya kumpeleka mzee kusafishwa kidonda mara kwa mara. Mume wangu akaenda kumchukua. Nakumbuka alivyoshuka kwenye gari mbele ya nyumba yetu, mrefu, na koti zito na fimbo, akinisalimia kwa kuangalia paa. Nami nilimwamkia nikiangalia miguu yake.

Sisi ni Wakurya. Kwetu mkwe wa kike na baba mkwe hawakaribiani. Neno letu la jambo hilo linafanana na soni ya Kiswahili, ila ni zito zaidi. Simpi mkono. Sikalii kiti chake. Sioni alipolala, wala yeye haoni nilipolala mimi. Tukikutana njiani, mmoja wetu anapinda kona. Hakuna chuki ndani yake. Ni heshima, na nililelewa nayo, na kijijini ambako kila mtu ana nyumba yake haimsumbui mtu. Katika nyumba ya vyumba viwili mjini ni kitu kingine.

Mume wangu alimpa chumba cha wasichana. Mzee alisimama mlangoni mwa chumba kile, akatazama ule uwazi juu ya ukuta, akageuka.

"Mura," alimwambia mwanawe, yaani kijana, "unataka nilale nikisikia mke wako anavyopumua?"

Akachagua sebule. Godoro likatandikwa chini karibu na mlango wa nje, na mimi nikashona pazia zito la rangi ya damu ya mzee, nikalining'iniza mwisho wa korido.

Mume wangu akiwepo, mambo yalikwenda. Alikuwa anaamka mapema, anamshika baba yake mkono mpaka bafuni, anarudi na kukunja godoro, anakohoa. Nikisikia kile kikohozi ndipo ninafungua pazia. Lakini kazi yake ni barabara. Alipokuwa safarini, hapakuwa na wa kukohoa.

Mimi nauza katika duka la dawa, karibu na Bomani. Funguo ninazo mimi. Nikichelewa, wagonjwa wanasimama nje wamejikunja, na mwenye duka anapata habari kabla sijavua koti. Binti yangu mkubwa alikuwa darasa la saba, wale wanaotakiwa shuleni kabla ya wengine kwa masomo ya ziada, na anayechelewa anapokelewa getini na fimbo. Mdogo alikuwa chekechea, bado hajui kufunga viatu. Sote tulikuwa na haraka, na sote tulikuwa nyuma ya pazia.

Watoto waliweza kupita. Mjukuu hana mwiko kwa babu yake, wanataniana, babu anamwita mke wangu, naye anampiga babu kofi la mgongoni. Ni mimi niliyekwama. Kwa hiyo kazi zangu zote za asubuhi zikahamia kwa binti mkubwa. Yeye ndiye aliyeenda uani kuwasha moto, yeye ndiye aliyekoroga uji, yeye ndiye aliyeleta maji. Mimi nilisimama koridoni nimeshavaa, nimeshika mkoba, nikiagiza kwa kunong'ona.

"Babu ameamka?"

"Bado."

"Amefunika miguu?"

"Mama, uji unamwagika!"

Mzee alichelewa kuinuka. Nilidhani ni uzee, halafu nikaanza kudhani ni makusudi. Nilikuwa namsikia akijigeuza, akivuta pumzi, akinyamaza. Kuna siku nilisimama pale mpaka nikasikia kengele ya shule kwa mbali, na mdogo alikuwa bado anatafuta soksi.

Hapo nikaamua kupanga upya. Nililifanya jambo hilo kama mtu anayejiandaa kuzingirwa. Kabati la sebuleni nililimwaga lote: sare, mabegi, viatu, chupa ya chai, mswaki wa kila mmoja, vyote vikaja koridoni. Nikagonga misumari kwenye ukuta, wa juu wa mkubwa, wa chini wa mdogo. Kreti ya soda ikawa ya viatu. Jioni nilichemsha maji na kujaza chupa mbili, moja ya kunawa na moja ya uji, unga nimeshaupima tayari, unakorogwa tu. Beseni dogo likawekwa chini ya misumari, na ndoo yenye mfuniko ikawekwa chumbani kwangu, pembeni ya kitanda. Ndoo hiyo sitaieleza zaidi. Mwanamke aliyewahi kukaa chumbani akisubiri ruhusa ya kwenda choo chake mwenyewe ataelewa.

Ilisaidia kidogo. Watoto walitoka wamevaa, wamekula. Lakini korido sasa ilikuwa imejaa hata kupishana ilikuwa kwa ubavu, na bado mlango wa kutokea ulikuwa upande wa pili wa pazia. Siku moja mdogo alikanyaga beseni, maji yakapita chini ya pazia mpaka kwenye godoro la mzee. Tulisikia akiguna. Binti mkubwa alitoka na kitambaa kupangusa, akarudi macho yamemtoka.

"Mama, kwani wewe anakukataza nani?" aliniuliza. Hakunong'ona. "Babu hajasema usipite. Baba hajasema. Mimi ndiye ninayechapwa getini."

"Punguza sauti."

"Nimechoka kupunguza sauti."

Ningeweza kumchapa. Nilimfunga tu vifungo vya sweta, ingawa alikuwa mkubwa wa kujifunga mwenyewe.

Jioni ile nilimpigia simu mume wangu. Nilimwambia nataka mlango. Dirisha la chumba cha wasichana linatazama uani, fundi akilishusha mpaka chini, tunatoka nyuma bila kumsumbua mtu.

Nikasikia injini ya lori.

"Baba atasema tumetoboa nyumba ili tumkimbie," alisema. "Atarudi Mbalibali na kidonda chake. Unataka afie huko?"

"Nataka watoto wafike shule."

"Vumilia, nakuja."

Alikuja, akakaa siku chache, akaondoka tena. Mlango haukutajwa.

Kisha mvua zikaanza, na baridi. Wanaokaa pwani hawaamini nikiwaambia kwamba Tarime kuna asubuhi mtu anapumua na kuona pumzi yake. Mzee alilalamika kwa wajukuu kwamba nyumba ya bati ni kama kulala ndani ya sufuria iliyoachwa nje. Alimtuma binti mkubwa azibe kwa matambara yale matundu ya hewa juu ya madirisha ya sebule. Tulimtolea blanketi la ziada. Jiko la mkaa la kupikia tuliliacha barazani kila jioni, kama kawaida.

Asubuhi ninayotaka kuisimulia niliamka na kichwa kikinigonga kama kuna mtu ndani. Mume wangu alikuwa safarini. Nilikaa kitandani, miguu ikawa mizito, nikajiambia malaria. Kilichonishtua ni ukimya wa upande wa pili. Kawaida binti mkubwa huamka kabla yangu, nasikia kreti ikiburutwa.

"Amkeni," nilisema kupitia juu ya ukuta.

Kimya. Nikarudia. Mdogo akaanza kulia kilio cha chini chini, kisha nikasikia anatapika. Nilikwenda nikishika ukuta. Mkubwa alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda ameshika kichwa.

"Mama, nyumba inazunguka."

Nilifikiri dagaa wa jana. Nilimpangusa mdogo, nikambeba mpaka koridoni, nikasimama mbele ya pazia nikafanya kitu ambacho sikuwa nimewahi kukifanya. Nilimsemesha moja kwa moja.

"Baba, shikamoo. Mtoto anaumwa. Tunaomba njia."

Alikuwa anakoroma. Mkoromo mzito, wenye mapengo marefu katikati.

"Nenda umwamshe Babu," nilimwambia mkubwa.

Akaingia. Nilimsikia akimwita, mara ya kwanza kwa utani, mara ya pili kwa nguvu.

"Mama, haamki."

"Mtikise."

"Nimemtikisa. Hafungui macho." Kisha akasema, sauti ikivuta, "Mama, jiko liko humu ndani."

Dukani nilishasikia habari za watu waliolala na jiko la mkaa na hawakuamka. Mteja mmoja alinisimulia huku akinunua dawa ya kichwa, nami nikasikitika na kumrudishia chenji. Sasa yote yalijipanga kichwani mwangu kwa mara moja: kichwa, matapishi, matambara kwenye matundu, uwazi ule juu ya kuta uliopitisha hewa ileile mpaka vitandani mwetu.

"Fungua mlango!" nilipiga kelele. "Ondoa komeo!"

"Siwezi," alisema. Halafu nikasikia kishindo kidogo, kama mtu aliyeamua kukaa chini.

Mkono wangu ulikuwa umeshika pazia. Nilisita. Haukuwa muda mrefu, lakini katika muda huo nilimwona mama yangu, nikaona wazee wa Mbalibali wamekaa wananijadili, nikaona mume wangu akishindwa kuniangalia. Mwanangu hakuwa anasema kitu tena upande wa pili. Nikalivuta pazia kwa nguvu, ufito wake ukang'oka ukutani pamoja na misumari.

Sitaandika yote niliyoyaona. Alikuwa amelitupa blanketi. Jiko lilikuwa karibu na mguu wake mgonjwa, makaa yamevaa majivu meupe, bado mekundu chini. Binti yangu alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea kiti, macho yamefumba nusu. Niliruka godoro. Komeo lilikuwa la mbao nzito, mzee mwenyewe alilichonga kwa sababu hakuliamini kufuli letu, na lilikuwa limevimba kwa mvua. Nililipiga kwa kitako cha kiganja mpaka likatoka. Mlango ulipofunguka, baridi iliingia kama maji.

Nilitoa mdogo kwanza, nikamweka barazani. Nikamvuta mkubwa kwa mikono miwili, akawa anatembea na kuanguka, akalala kifudifudi kwenye simenti akivuta hewa. Nikarudi.

Nilimshika makwapani. Baba mkwe wangu ni mwanamume mrefu, na mtu asiyejitambua ana uzito wa ajabu. Nilimsogeza kidogo tu, nikaona mguu wenye bandeji unaburuzika, nikaacha. Nikashika ncha ya godoro nikalivuta lote, pamoja naye. Likateleza vizuri sakafuni, likanasa kizingitini. Nilivuta mpaka nikasikia mshono unachanika. Hapo ndipo nilipopiga yowe.

Jirani yetu ni mzee wa Kiislamu, fundi cherehani, ambaye watu wake walikuja huku kutoka pwani zamani na wakakaa. Alikuwa anarudi kutoka kuswali alfajiri. Aliingia getini mbio, mwavuli ukabaki barabarani. Hakuuliza kitu. Alivua koti lake, akamfunika mzee kiunoni huku uso wake ameugeuzia pembeni, kisha akashika upande wa miguu.

"Haya, binti, pamoja," alisema, nasi tukamtoa.

"Mwinue kichwa, asije akapaliwa," fundi aliniambia.

Nilikaa kwenye simenti yenye maji nikaweka kichwa cha baba mkwe wangu mapajani mwangu. Fundi alikimbia kutafuta bajaji. Matone yalikuwa yanaanguka kutoka kwenye bati, wanangu wanakohoa nyuma yangu, na mimi nilikuwa napapasa uso ambao sikuwahi hata kuutazama vizuri, nikisema, baba, baba, pumua. Alikohoa. Akatapikia kitenge changu. Akafungua macho.

Tukatazamana. Sidhani kama tuliwahi. Macho yake yalikuwa ya kahawia hafifu, kama ya mume wangu. Nikaona akinitambua, nikaona akitambua alipolala. Kisha akayafumba, kwa nguvu, kope zikakunjamana, kama mtoto anayejifanya amelala. Aliyafumba vivyo hivyo ndani ya bajaji, na vivyo hivyo mpaka hospitali walipomwekea oksijeni. Nilijua hajazimia. Mkono wake ulikuwa umeshikilia koti la fundi lisidondoke.

Wasichana walipata nafuu siku ileile. Mzee alilazwa. Mke wa fundi ndiye aliyempelekea chakula, kwa sababu mimi sikuthubutu kuingia wodini.

Alipotoka, ndipo ulipoanza ule wakati ambao kwangu ulikuwa mbaya kuliko asubuhi yenyewe. Mume wangu alikuwa amerudi. Mzee alichukua kigoda chake akakiweka mwisho wa ua, mgongo kwa nyumba, akakaa hapo kutwa. Zamani alikuwa akimtuma mdogo: mwambie mama yako hivi, mwambie mama yako vile. Sasa hakumtuma mtu. Nilimpelekea ugali kwa mkono wa binti mkubwa, ukarudi nusu.

"Babu anasema ameshiba."

Mzee aliyeaibishwa na mkwe wake anaweza kuondoka duniani na laana mdomoni, nayo ikabaki juu ya watoto. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa. Unaweza kusoma, unaweza kuuza dawa na kujua hewa ya mkaa inavyoua, na bado usiku ukalala umewashika wanao ukisikiliza wanavyopumua.

Mume wangu naye alikuwa katikati. Jioni moja aliniambia, huku anafunga kamba za viatu, "Labda ungewaita majirani kwanza."

"Majirani wangekuta nini?"

Alifungua kamba, akafunga tena. Nilipotazama dirishani baadaye nilimwona amekwenda kukaa chini karibu na kigoda cha baba yake, wote wawili wametazama ukuta wa jirani.

Siku ya pili yake shangazi alikuja. Ni dada wa mzee, anaishi Ringwani, analima mtama na mihogo. Sikumwita. Mume wangu hakumwita. Mzee mwenyewe alikuwa amemwomba fundi simu. Shangazi aliingia na gambuti zake zenye matope, akanisalimia kwa mkato, akapitiliza uani. Alikaa na kaka yake mchana mzima. Mimi nilikuwa jikoni nikimenya ndizi ambazo hazikuwa na wa kuzila, nawaona kupitia upenyo wa mabati. Sikusikia maneno. Niliona tu shangazi akipiga goti lake kwa kiganja, na mzee akichora chini kwa fimbo.

Hatimaye aliinuka akaja jikoni. Nilisimama.

"Keti," alisema. "Kaka yangu ana swali."

"Aulize, shangazi."

"Siku ile, ulianza kumtoa nani?"

Ningeweza kusema chochote, hakuna mtu mzima aliyeona. "Watoto."

"Halafu?"

"Halafu yeye."

Akaenda. Nikaona anainama kumwambia. Mzee alitikisa kichwa, juu chini, mara nyingi. Shangazi akarudi, sasa amekaa kabisa, amechukua kisu anamenya na yeye.

"Anasema ungeanza na yeye angekuona huna akili."

Sikujua kama nicheke au nilie. Nilishika ndizi tu.

"Sikia," aliendelea, sauti ameishusha. "Asubuhi zote hizo alikuwa macho. Unajua? Alikuwa anakusikia pale nyuma ya pazia, unanong'ona na watoto. Mguu unakakamaa usiku kwa baridi, akitaka kuinuka unakataa, anahangaika nao kimyakimya, na hawezi kukwambia mkwe wake kwamba hawezi kuinuka. Siku ile maji yalipomfikia kitandani alijiambia moyoni, leo wamechelewa tena kwa sababu yangu. Ndiyo maana alilivuta lile jiko ndani kabla ya kulala. Alitaka mguu upate joto, aamke kabla yenu, awapishe."

Kisu changu kilikuwa kimesimama. Mimi nilikuwa nimemhesabu kuwa ni mzee mkaidi. Yeye alikuwa amelala pale, upande wa pili wa kitambaa, anapigana na mguu wake ili binti yangu asichapwe getini.

"Mbuzi wa kusafisha jambo hili atatoka zizini kwake, si kwenu," shangazi alisema. "Na mtamla wote pamoja. Jingine, anasema kijana wake amejenga nyumba vibaya. Anataka mlango nyuma, na hizi kuta zifike juu."

Mume wangu alipoambiwa, alitazama chini. Akamtafuta fundi ujenzi kesho yake.

Walishusha dirisha la chumba cha wasichana mpaka sakafuni. Vumbi lilikaa kwenye kila kitu. Kuta zilipandishwa kwa tofali mpaka zikagusa bati, na kwenye sebule yakaachwa matundu makubwa ya hewa ambayo mzee mwenyewe aliyatazama yakijengwa. Vitanda vya wasichana tulivipanga kimoja juu ya kingine ili ibaki njia ya kupita. Sikutaka korido ijae tena, kwa hiyo vitu vyote vya asubuhi nilivihamishia njiani kwenda mlango mpya kwa mpangilio wa mtu anayetoka: kwanza sare, kisha beseni la kunawa kwenye stuli, kisha uji na vikombe kwenye rafu, mwisho mabegi na viatu karibu na kizingiti. Mdogo alijaribu kupita, akasema ni kama dukani.

Siku tulipokuwa tunagonga rafu, mzee alikuwa kwenye kigoda chake uani. Alikuwa amekigeuza. Sasa kilitazama nyumba. Alimwita mdogo, akamnong'oneza. Mtoto akaja mbio.

"Babu anasema hiyo rafu iko juu, vikombe sitavifikia."

Tuliishusha.

Mbuzi aliletwa kutoka Mbalibali na shemeji yangu. Wazee wawili walikuja, wakafanya yao, maneno machache, sitayaeleza hapa. Tulikula. Mzee alikaa upande wake nami upande wangu, na ugali wake siku hiyo haukurudi.

Asubuhi ya kwanza ya mlango mpya mume wangu alikuwa amesharudi barabarani. Niliamka, nikapita mbele ya vitanda vya wanangu, nikafungua, nikatoka. Nilisimama uani gizani peke yangu, na sikujua nifanye nini na haraka niliyokuwa nimeizoea. Niliwasha moto. Nikakoroga uji mwenyewe. Binti mkubwa alitoka amevaa, amebeba begi, akanitazama nilivyochuchumaa jikoni kama vile ananiona mgeni, akanywa uji akiwa amesimama. Alipofika getini alipunga mkono bila kugeuka.

Isidhaniwe kwamba asubuhi zetu zimekuwa tulivu. Kidonda cha mzee kilifunga, polepole, lakini hakurudi Mbalibali. Alinunua kuku. Aliwatengenezea banda, na kati ya sehemu zote za ua, akaliweka karibu kabisa na mlango wetu wa nyuma, kwa sababu, alisema, hapo ndipo makombo ya uji yanapomwagwa. Sasa tukitoka asubuhi tunaruka kuku. Juzi jogoo alimdonoa mdogo mguuni, akaangusha kikombe, soksi ikalowa, tukachelewa.

"Baba!" niliita, nikiwa nimekasirika kweli, bila kumtafuta mtoto wa kunisemea.

Kikohozi kikasikika sebuleni, na mlio wa fimbo. Alikuja mpaka kona ya nyumba, akasimama upande ule ambao hatuonani.

"Kuku wamekufanya nini?" aliuliza.

"Banda lihame."

Alifikiri. "Nitalihamisha," alisema. "Lakini huyo jogoo hatagi, ya nini kumchukia tu? Mchinje Jumapili."

Tulimchinja. Alikuwa mgumu, tulimchemsha mchana kutwa.